Gemu Kumi na Nne za Cho Yoon-jeong

Mechi iliyonifanya nimpende Cho Yoon-jeong, mcheza tenisi wa Korea Kusini, ni mechi aliyoshindwa. Sikuiona kwa macho. Niliisoma, namba sita tu kwenye kioo cha kompyuta, ndani ya intaneti kafe Dar es Salaam, Januari 2006, feni ikizungusha joto lile lile huku na huko. 4–6, 6–0, 4–6. Nikazinakili nyuma ya risiti kwa sababu Baba alikuwa ameniagiza, nikalipia nusu saa yangu, nikapanda daladala kurudi nyumbani.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, na tenisi aliipenda kama wenzake walivyoipenda Simba au Yanga. Aliijulia ujanani kwenye uwanja wa saruji wa klabu moja, akianza kwa kuokota mipira ya wakubwa. Mpaka anastaafu aliweka daftari la matokeo, haya madaftari yetu ya shule yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Hakuishia kuandika nani kamfunga nani. Pembeni ya kila mechi aliweka kwa kalamu nyekundu namba mbili zaidi, jumla ya gemu alizopata kila mchezaji. Siku ile nilipompa risiti alivaa miwani, akaandika, akajumlisha huku midomo ikicheza bila sauti, kisha akaweka kalamu chini.

“Mama,” akaniita, maana nina jina la mama yake, “hebu nieleze, huyu binti kashindwaje?”

Akanigeuzia daftari. Anabel Medina Garrigues, Hispania: 12. Cho, Korea: 14.

Kwa ambaye tenisi hajaizoea, ngoja nieleze kidogo. Pointi hujenga gemu, gemu hujenga seti, na seti ndizo zinazotoa mshindi. Seti huchukuliwa na anayetangulia kufikisha gemu sita huku akimwacha mwenzake kwa mbili, na wanawake hucheza seti tatu, anayewahi mbili kamaliza kazi. Ukimpiga mtu 6–0, seti yako ni moja. Ukimpiga 6–4 kwa jasho na kuhema, seti yako ni moja vilevile. Ziada haihamishiki. Fainali ile, iliyochezwa Canberra, Australia, seti ya pili, Medina Garrigues alitoka kapa, gemu sita mfululizo zote za Cho. Kisha seti ya tatu ikaanza sifuri kwa sifuri, kana kwamba ile robo saa au nusu saa ya utawala haikuwahi kutokea, na Mhispania akaichukua 6–4 na kombe akaondoka nalo.

Kwa hiyo Cho alipata gemu nyingi kuliko bingwa, na bado akasimama upande wa mshindi wa pili. Mimi na Baba tulikaa barazani tukilizungumza hilo hadi chai ikapoa. Yeye aliona ni jambo zuri la hesabu. Mimi niliona ni dhuluma. Nilikuwa kijana.

Kuanzia hapo nikaanza kumfuata huyu mwanamke nyuma, kwenye miaka ambayo nilikuwa simjui, na mbele, mpaka alipoacha kucheza. Watu wamenishangaa. Kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenda tenisi, watu kumi na kitu tu, kila nikimtaja naulizwa Mkorea gani tena huyo, amechukua nini. Swali la “amechukua nini” ndilo linaloniandikisha makala haya, kwa sababu jibu lake fupi linamdhulumu. Taji la WTA, yaani la mashindano ya kimataifa ya tenisi ya wanawake, hakuwahi kulichukua akicheza mmoja mmoja. Alicheza fainali tatu, zote akashindwa. Ukiishia hapo umemaliza habari yake kwa mstari mmoja, na humjui.

Kwanza jina. Cho ni jina la ukoo, Yoon-jeong ndilo alilopewa. Wakorea huanza na ukoo, lakini kwenye mbao za matokeo za mashindano ya kimataifa majina hugeuzwa, ndiyo maana mahali pengine utamkuta kaandikwa Yoon Jeong Cho. Baba, ambaye aliamini jina la mtu haliguswi, alimwandika Cho Yoon-jeong kila mara hata gazeti lilipoandika kinyume. Nami ninamwandika hivyo hivyo.

Alizaliwa mwaka 1979 Korea Kusini. Alipokuwa na miaka tisa Michezo ya Olimpiki ilikwenda Seoul, na hiyo 1988 sisi wa huku tunaikumbuka kwa sababu zetu. Wakenya walirudi na medali za dhahabu, Robert Wangila kwenye ndondi, Paul Ereng mita 800. Lakini kulikuwa na jambo jingine Seoul ambalo huku hatukulisikia sana. Tenisi ilirejea kuwa mchezo kamili wa Olimpiki, wenye medali, kwa mara ya kwanza tangu 1924. Steffi Graf akampiga Gabriela Sabatini fainali na kuongeza dhahabu juu ya mataji yote manne makubwa aliyokwisha kuyabeba mwaka ule ule. Viwanja vile vya Bustani ya Olimpiki vikabaki pale pale mjini baada ya wageni kuondoka. Vikumbukeni, tutavirudia.

Kabla ya Cho, Korea ilikuwa na mama mmoja tu wa kuonyeshea njia, Lee Duk-hee. Huyu alifika raundi ya nne ya US Open mwaka 1981, na mwaka 1982 akachukua taji Fort Myers, Florida, Mkorea wa kwanza kushinda mashindano ya WTA. Alipanda hadi nafasi ya 34 duniani. Baada yake kukawa na kimya kirefu, kikivunjwa na Park Sung-hee aliyefika nafasi ya 57 katikati ya miaka ya tisini. Cho alipofika nafasi ya 45 Julai 2003, alikuwa amemkaribia mwanamke ambaye nchi nzima ilimtaja kama hadithi, akabakisha ngazi kumi na moja tu.

Ninajua namba 45 haimshtui mtu. Sisi tumezoea namba moja, na ya pili tukiwa na huruma. Lakini fikiria hivi. Mashindano makubwa manne ya tenisi hupokea wanawake 128. Sehemu kubwa kati yao huingia kwa nafasi zao kwenye orodha ya ubora, wachache hupita kwenye mchujo, wengine hupewa kadi za mwaliko. Aliye wa 45 hasubiri kadi ya mtu wala hachezi mchujo. Jina lake liko ndani kabla ratiba haijapangwa. Kati ya wasichana wote duniani walioshikishwa raketi na wazazi wao mwaka ule, kuanzia Florida mpaka Moscow, arobaini na wanne tu ndio waliokuwa mbele yake.

Tena hiyo nafasi si ya kujengea nyumba. Pointi za tenisi hukaa wiki 52 kisha huondoka. Ukifika fainali Januari hii, Januari ijayo zile pointi zinafutwa, na kama hukufanya vizuri tena wiki ile ile unaporomoka bila kufanya kosa lolote jipya. Kwa mtu wa namba moja hilo ni usumbufu. Kwa mtu anayezunguka hamsini, mia, ni kama kupanga chumba ambacho kodi yake hulipwa kwa kushinda mechi, kila wiki, kwenye mji mwingine. Ndege, hoteli, kufua jezi kwenye sinki, kula chakula usichokijua. Nimewahi kusafiri siku tatu kwa basi na timu ya watoto kwenda kucheza mechi moja moja na kurudi, nikachoka kiasi cha kuapa. Yeye aliishi hivyo miaka.

Kilichombeba, na jambo hili lilinivutia sana nilipolisoma, ni utaratibu wa Wakorea wa timu za makampuni na za miji. Mchezaji anasajiliwa kama mfanyakazi, analipwa mshahara, anapata kocha na tiketi. Cho alikuwa wa timu ya Samsung Securities, kampuni ya masuala ya hisa, sawa na Lee Hyung-taik aliyekuwa mwanamume bora wa Korea wakati ule. Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangaa. Sisi tuna timu za bandari, za magereza, za jeshi, na wengi wa wanamichezo wetu wa kike waliofika popote walifika kwa kuvaa jezi ya mwajiri. Timu ile ya Samsung Securities ilivunjwa mwaka 2015, na tangu Cho alipoteremka kwenye hamsini bora hadi ninapoandika haya, hakuna mwanamke wa Korea aliyeirudia nafasi ile. Sisemi moja limesababisha jingine. Ninasema tu vyote viwili nimeviona.

Sasa fainali zenyewe.

Ya kwanza ilikuwa Pattaya, Thailand, Novemba 2002, na hii sitaikalia sana. Aliyekuwa ng'ambo ya wavu ni Angelique Widjaja wa Indonesia, mtoto wa miaka 17 aliyekwisha kutwaa Wimbledon ya wasichana mwaka 2001. Widjaja alishinda 6–2, 6–4. Kwenye safu nyekundu ya Baba: 12 kwa 6. Hapo hakuna la kubishana, aliyezidiwa alizidiwa.

Ya pili ndiyo inayoniuma mpaka leo. Auckland, New Zealand, wiki ya kwanza ya Januari 2003. Auckland huchezwa mwanzo kabisa wa mwaka, kabla ya Australian Open, wakati ambapo kila mchezaji ana raketi mpya na matumaini mapya. Cho alipita mpaka fainali, akakutana na Eleni Daniilidou wa Ugiriki, mpigaji mwenye nguvu aliyekuwa anapanda kwa kasi, ambaye mwaka ule ule alifika nafasi ya 14 duniani. Daniilidou akachukua seti ya kwanza 6–4. Cho akajibu 6–4. Seti ya tatu wakakabana mpaka sita kwa sita.

Baada ya gemu thelathini na mbili walikuwa wamegawana sawasawa. Jumlisheni wenyewe: sita na nne na sita ni kumi na sita, nne na sita na sita ni kumi na sita. Kumi na sita kwa kumi na sita. Hapo ndipo tenisi huamua kuwa imetosha, ikaleta taibreki, ile gemu ya pekee ambayo anayetangulia pointi saba kwa tofauti ya mbili ndiye mwenye mechi. Daniilidou alishinda taibreki 7–2. Pointi tisa, basi. Wiki nzima ya mashindano, saa zote zile juani, zikaenda kuamuliwa na mipira tisa, na saba kati yake ikaenda upande mwingine.

Nimejaribu mara nyingi kuifikiria ile hatua ya kutoka 6–6. Huwa nacheza, si vizuri, na ninafundisha watoto Jumamosi, kwa hiyo ninakijua kidogo kinachotokea mwilini. Mkono unaoshika raketi unakaza bila kuuamrisha. Mpira wa sevu unaurusha juu, na ule urushaji ambao umeufanya mara elfu unakwenda pembeni kwa upana wa kiganja. Unarudia. Sasa unauona wavu, na kwenye tenisi ukishaanza kuuona wavu umekwisha. Sijui kama Cho alipata haya siku ile, na kumsingizia sitaki. Ninajua tu kuwa aliyefikisha mechi mpaka pale, baada ya kupoteza seti ya kwanza, hakuwa mwoga.

Na hapa kuna jambo ambalo hulioni ukiangalia matokeo ya mtu mmoja mmoja. Wiki moja baadaye, Januari ile ile, ng'ambo ya bahari Sydney, mwenzake wa timu Lee Hyung-taik alicheza fainali dhidi ya Juan Carlos Ferrero, Mhispania ambaye ndani ya mwaka huo angekuwa namba moja wa dunia. Lee alishinda 4–6, 7–6, 7–6. Akawa mwanamume wa kwanza wa Korea kuchukua taji la ATP, ambayo kwa wanaume ni kama WTA kwa wanawake. Baba alikuwa na kurasa hizi mbili zikitazamana. Kwa Lee, namba nyekundu zilisomeka 18 kwa 18. Sawa kwa sawa, taibreki mbili, zote zikaangukia upande wake. Kwa Cho, sawa kwa sawa mpaka taibreki moja, ikaangukia upande wa pili. Korea ingeweza kabisa kupata mataji mawili ndani ya siku nane. Ilipata moja, na historia ikaandikwa kwa jina moja.

Simnyimi Lee haki yake hata kidogo. Kumpiga Ferrero wa mwaka 2003 si mchezo. Ninachotaka msomaji akione ni jinsi uzi ulivyo mwembamba kati ya anayekumbukwa na anayeulizwa “amechukua nini”.

Ya tatu ni ile ya Canberra niliyoanza nayo. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu Auckland. Alikuwa na miaka 26, ameshuka kwenye orodha, amepanda, ameshuka tena. Medina Garrigues alikuwa mchezaji mgumu, mwenye moyo wa punda, ambaye kwa jumla alimaliza kazi yake na mataji 11 ya mmoja mmoja, mengi kwenye viwanja vya udongo mwekundu. Canberra ilikuwa saruji. Ile seti ya 6–0 nimeifikiria sana. Mtu kupoteza seti ya kwanza ya fainali, baada ya fainali mbili alizokwisha kuzipoteza, halafu akarudi na kumnyima mpinzani gemu hata moja! Wengine wangeyeyuka. Hata mashindano yenyewe ya Canberra yalikoma mwaka ule, kwa hiyo hakupata Januari nyingine ya kurudi pale. Ikawa fainali yake ya mwisho ya WTA ya mmoja mmoja.

Tuliwahi kubishana na Baba, je, sheria ibadilishwe, gemu zihesabiwe zote? Alikataa katakata. Alisema ukihesabu gemu zote, aliyepoteza seti ya kwanza 6–0 hana sababu ya kuendelea kucheza, na uzuri wote wa tenisi uko pale ambapo kila seti inakupa ukurasa mweupe. Cho mwenyewe alipoteza seti ya kwanza Auckland na akaanza upya kwa sababu ya sheria hiyo hiyo. Siku hiyo sikukubali. Nilikuja kuikubali hoja ya Mzee Julai 2022, yeye akiwa ameshatangulia.

Julai ile, Angella Okutoyi wa Nairobi, binti aliyelelewa na bibi yake, alicheza fainali ya Wimbledon ya wasichana wawili wawili akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Mbele yao kulikuwa na Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko, huyu wa pili akiwa na wazazi kutoka Kongo. Okutoyi na mwenzake walishinda 3–6, 6–4, na seti ya tatu ikachezwa kwa mtindo wa taibreki ndefu, 11–9. Simu yangu ililia usiku kucha, Kenya ilikuwa inasherehekea Mkenya wa kwanza kutwaa taji la tenisi la ngazi ile. Nikachukua kalamu nyekundu, nikafanya alivyofanya Baba. Tisa kwa kumi. Walioshinda walikuwa na gemu chache kuliko walioshindwa. Sheria iliyomnyima Cho Canberra ndiyo iliyompa binti yetu Wimbledon. Nililia kidogo, kwa furaha na kwa mengine.

Nirudi Seoul, maana nilisema tutavirudia vile viwanja.

Mwaka 2004 Korea ilianzisha mashindano yake ya WTA, Korea Open, yakachezwa pale pale Bustani ya Olimpiki, mwishoni mwa Septemba mpaka tarehe 3 Oktoba. Mgeni wa heshima alikuwa Maria Sharapova, aliyekuwa na miaka 17 na miezi mitatu nyuma alikuwa amempiga Serena Williams na kutwaa Wimbledon. Hakukuwa na msichana aliyetazamwa kama yeye duniani kwa wakati ule. Fainali akampiga Marta Domachowska wa Poland 6–1, 6–1. Ukitafuta habari za Korea Open ya kwanza, hiyo ndiyo utakayoikuta, na picha zake.

Lakini kulikuwa na fainali nyingine, ya wawili wawili, na ndani yake Wakorea wawili. Mmoja Cho. Wa pili Jeon Mi-ra.

Jeon ni habari peke yake. Mwaka 1994, akiwa na miaka 16, alifika fainali ya Wimbledon ya wasichana, jambo kubwa mno kwa mtoto aliyetoka Korea. Aliyemkuta fainali alikuwa na miaka 13 na jina lake Martina Hingis. Hingis alishinda 7–5, 6–4. Miaka mitatu baadaye Hingis alikuwa bingwa wa Wimbledon ya wakubwa na namba moja wa dunia, na Jeon alikuwa bado anapambana kwenye mashindano madogo, akitafuta mlango wa kuingilia mia bora ambao haukumfungukia. Kila wasifu wa Hingis unayo ile fainali. Jeon yumo kama jina la upande wa kushindwa.

Ninawafikiria hawa wawili wakiwa upande mmoja wa wavu. Jeon na ile fainali yake ya miaka kumi iliyopita. Cho na Pattaya na Auckland, miezi ishirini na moja tangu ile taibreki. Wote ni watu waliofika mlangoni na kurudishwa. Na sasa wako nyumbani, kwenye viwanja vilivyojengwa wakiwa watoto wa shule ya msingi, mbele yao Wataiwani wawili wadogo, Chuang Chia-jung na Hsieh Su-wei. Hsieh alikuwa na miaka 18 tu, lakini huyo ndiye atakayekuja kuwa namba moja wa dunia wa wawili wawili na kubeba Wimbledon zaidi ya mara moja. Hawakupewa wapinzani wa kujifunzia.

Wakorea walichukua seti ya kwanza 6–3. Ya pili wakaipoteza 6–1, kipigo cha wazi. Nikiisoma hiyo namba moja huwa ninapata wasiwasi upya ingawa mwisho ninaujua. Mtu mwenye historia ya Cho, akishapigwa 6–1 kwenye fainali nyumbani kwake, seti ya tatu inakuja, na anajua vizuri seti za tatu humfanyia nini.

Kwenye wawili wawili kuna kitu ambacho mmoja mmoja hakina. Kati ya pointi mnasogeleana. Mnaziba midomo kwa mpira au kwa kiganja ili mpinzani asisome mnachopanga, mnagusana mikono, kila mtu anarudi mahali pake. Mkono ukikaza, kuna wa pili. Ninawafundisha watoto wangu wa Jumamosi hilo kabla ya kuwafundisha pigo lolote la wavuni. Hata ukiwa huna la kusema, msogelee mwenzako.

Seti ya tatu ikafika tano kwa tano. Hesabu ya hapo haihitaji kuona mechi. Kutoka tano kwa tano, ama mnafika sita kwa sita na taibreki inawaita, ama mtu mmoja anachukua gemu mbili mfululizo. Seti iliisha 7–5. Kwa hiyo wale wawili, wakijua vyema kilicho ng'ambo ya sita kwa sita, hawakufika huko. Gemu ya kumi na moja, yao. Gemu ya kumi na mbili, yao. Taji la WTA, Seoul, likabaki Korea.

Jeon alistaafu muda mfupi baadaye, akawa mwandishi wa habari za tenisi kwenye jarida la nchini kwao, akaolewa mwaka 2006 na mwanamuziki Yoon Jong-shin, akapata watoto watatu. Mwaka 2021 Wakorea walimwona tena kwenye televisheni, safari hii akicheza mpira wa miguu kwenye kipindi cha timu za wanawake, ana miaka arobaini na mitatu na anakimbia kama mtu anayedai deni. Cho, kama nilivyosema, aliendelea mpaka Canberra na mbele kidogo ya Canberra, kisha akaweka raketi chini.

Ukurasa wa Seoul kwenye daftari la Baba ni mimi niliyemwandikia, baada ya ule wa Canberra, maana macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Aliniambia nisome matokeo kwa sauti, yeye ajumlishe kichwani. Sita na moja na saba. Tatu na sita na tano.

“Kumi na nne kwa kumi na nne,” akasema. “Soma tena ile ya mwisho.”

“Saba kwa tano, Baba.”

“Iandike kubwa.”